Jibu Tupu

Jumamosi, 5 Machi

Nimeiambia mashine 60, nikaiambia 40, nikaiamuru ijumlishe. Imenipa 6040.

Mwalimu alicheka mpaka akaegemea ubao. Wanafunzi wenzangu, ambao wengi wao ningeweza kuwazaa, wakacheka pia. Mimi sikucheka. Tangu nianze kukata vioo sijawahi kukosea hesabu namna hiyo hata nikiwa na homa, na leo nimekaa kwenye kiti kigumu saa mbili nzima ili kitu cha plastiki kinifundishe kwamba sitini na arobaini ni elfu sita na arobaini.

"Haijui kwamba hizo ni namba, dada yangu," Mwalimu akasema. "Chochote kinachoingia kwa kibodi, kwake ni maandishi. Ni kama umeiandikia 'kuku' ukaiandikia 'bata', ikakuunganishia kukubata. Lazima uigeuze mwenyewe iwe namba, halafu funga mabano."

Kila asemalo huyu binti huishia kwenye kufunga mabano, ndiyo maana darasa zima linamwita Mwalimu Mabano. Nimefunga. Imenipa 100. Ninachotaka kwake ni programu moja tu: mteja aje na upana na urefu wa dirisha lake, niviingize, iniambie nilikateje pande la kioo nisibakize vipande vya kutupa. Nikishaipata hiyo naaga.

Lakini kitu kimoja kimenikaa. Ukishaandika ile amri ya kuuliza, programu husimama pale pale na kamstari kadogo kanapepesa. Haiendi mbele, hairudi nyuma, hainung'uniki. Nilitoka kwenda msalani, nikasimama kwenye varanda kutazama mawingu, nikarudi. Bado inanisubiri. Sikumbuki mtu aliyewahi kunisubiri hivyo.

Mvua imenikuta njiani. Ya kwanza mwaka huu.

Jumatatu, 7 Machi

Mvua. Vioo viwili vya bafu na dirisha moja la jikoni. Baba kala vizuri.

Alhamisi, 10 Machi

Kaka amepiga simu. "Mdogo wangu, mvua zikikatika na barabara ikikauka, nakuja na gari kumchukua mzee."

Kana kwamba mzee ni kabati.

Baba yuko kwangu tangu kiharusi kimwangushe mwaka jana. Upande wa kulia umekufa ganzi na ulimi umefungwa. Daktari alisema anasikia na anaelewa, ila maneno hayapati njia ya kutokea. Huenda yakarudi kidogo kidogo, huenda yasirudi. Kilichobaki ni mkono wa kushoto, na hapo penyewe kidole kimoja ndicho kinachotii. Nimempa chumba cha mbele, juu ya karakana yangu, na nikamwekea dirisha la kioo cha milimita sita lisilo na hata kipovu. Akilala anaona anga.

"Kwako ni kelele na vumbi la vioo," Kaka akasema. "Kwangu kuna nafasi. Wifi yako yupo nyumbani siku nzima."

"Baba hajasema anataka kuondoka."

"Baba hasemi chochote. Ndiyo maana sisi wakubwa tupo."

Sisi wakubwa. Yeye alisomeshwa mpaka mwisho wa ngazi. Mimi nilitolewa shule nikamtunze bibi, bibi alipokufa hakuna aliyekumbuka kunirudisha. Nikaenda kufagia vipande kwenye karakana ya mtu, nikatazama mikono ya mafundi mpaka mikono yangu ikajua, na leo jina lililo juu ya mlango ni langu. Sidai mtu. Nataka jambo moja: Baba mwenyewe aseme anataka kukaa kwa binti yake. Kwa kinywa au kwa chochote kilichobaki. Aseme mara moja tu, Kaka akiwa anasikia, basi.

Jumamosi, 12 Machi

Leo tumejifunza "kama" na "vinginevyo". Kama jibu ni hili, fanya hivi. Vinginevyo, fanya vile. Mwalimu Mabano alisema dunia nzima imejengwa kwa hayo maneno mawili. Kijana mmoja nyuma akanong'ona, "Kama ada imelipwa, fundisha, vinginevyo, funga mabano."

Nilirudi kwa miguu, maji yakinifika kwenye kifundo. Taa za magari zilikuwa zimelala barabarani kama nguo zilizoanguka kwenye kamba. Nikawaza: mashine isiyochoka kusubiri. Mtu mwenye kidole kimoja.

Nilitembea sehemu iliyobaki bila kuisikia mvua.

Jumapili, 13 Machi

Nimeiandika mchana kwenye kompyuta kuukuu niliyonunua kwa ajili ya masomo, Baba akiwa amelala. Inauliza swali kwa herufi kubwa. Inasubiri. Akibonyeza H, inaandika HAPANA. Vinginevyo, inaandika NDIYO. Sikuweka mlango wa tatu. Ndivyo tunavyofanya kazi hapa: namwonyesha mteja kipimo, namwuliza "nikate?", asipokataa nakata. Ukingoja kila mtu atamke ndiyo utafunga jioni na pande lako zima mkononi.

Nimebandika karatasi nyekundu juu ya H na kijani juu ya N. Nimeiweka kibodi kwenye sinia lenye miguu la kulia kitandani, nikaisogeza kushoto ili asiinue bega. Nikamwelekeza: "Baba, kijani ni ndiyo, nyekundu ni hapana, ukimaliza bonyeza hiki kikubwa, Enta."

Swali la kwanza: BABA, UMESHIBA?

Akalitazama muda mrefu. Mvua ilikuwa imegeuka ukungu, na chumba kizima kilikuwa na rangi ya maji ya mchele. Kidole kikainuka, kikaelea juu ya herufi kama kitu kilichosahau kilikuwa kinakwenda wapi, kisha kikashuka.

NDIYO.

Nilimwambia, "Haya, Baba," kama vile hajanyamaza miezi minane. Nikashuka karakanani nikakata kioo ambacho hakuna aliyekiagiza.

Jumatano, 16 Machi

Una baridi? Ndiyo. Nikuwashie redio? Ndiyo. Uji? Ndiyo.

Fundi wangu, ambaye tunamwita Silikoni kwa kuwa hawezi kuona ufa asiuzibe, alipanda kuona. "Mzee amekuwa mtu wa ndiyo siku hizi," akasema. "Bosi, mwulize kama anaona mimi nafaa kupumzika Jumamosi."

"Hilo halihitaji programu," nikamjibu. "Hapana."

Baba alitutazama, mmoja kisha mwingine. Nadhani jicho la kushoto lilicheka.

Jumapili, 20 Machi

Nimeuliza.

Nilimnyoa kwanza. Nikamvalisha shati lenye kola. Sijui kwa nini. Labda niliona si swali la kuulizwa mtu akiwa na fulana. BABA, UNATAKA KUBAKI HAPA KWANGU? Nikaenda dirishani, nikampa mgongo, asije mtu akasema nilimkazia macho. Nje palikuwa hakuna barabara, mvua tu, imesimama wima kama pande la kioo kilichotiwa ukungu ambacho nyuma yake watu wanapita bila nyuso. Nikasikia kitufe.

NDIYO.

Nikampigia Kaka hapo hapo.

"Kasema mwenyewe," nikamwambia.

"Kasema kwa njia gani, kwa kinywa?"

"Kwa kompyuta. Nimeandika programu."

"Umeandika nini?"

Nilimwacha alitafune hilo kidogo. Kisha akauliza, "Na mkono, umemshikia wewe?"

"Sikumgusa. Nilikuwa dirishani."

"Nitakuja nijionee," akasema. "Barabara ikikauka."

Ikauke, isikauke. Leo hata mvua naiona tamu.

Alhamisi, 24 Machi

Kioo kirefu cha saluni kimekaa karakanani siku kadhaa, mwenyewe hawezi kukibeba kwenye mvua hii. Kimeegemea ukuta kikitazama nje. Ndani yake barabara inakwenda upande usio wake, na watu wenye miavuli wanatembea kurudi walikotoka. Nilisimama hapo na almasi ya kukatia vioo mkononi mpaka Silikoni akauliza kama nimelala.

Sikulala. Nilikuwa nafikiria swali lingine.

Jumapili, 27 Machi

BABA, ULIJUA KWAMBA NILITAKA KUSOMA?

NDIYO.

Hilo ni swali la miaka thelathini na ushei, na limetoshea kwenye mstari mmoja. Nikaandika lingine.

ULIJUTA?

Alikawia. Nje tone lilikuwa linateremka juu ya kioo, linasimama, linakutana na jingine, linateremka tena.

NDIYO.

Nilikaa na ile ndiyo siku nzima kama mtu aliyebeba yai mfukoni. Nilipanda ngazi polepole. Nilimwambia Silikoni aende nyumbani mapema, akashtuka, akauliza kama kuna msiba.

Jumanne, 29 Machi

Mvua. Nimemchemshia Baba maji ya kuoga nikiimba.

Jumatatu, 4 Aprili

Nimeota mvua inanyesha maswali. Kila tone likigusa bati linauliza, na nyumba nzima inajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Niliamka nimejaa usingizi mtamu. Baba alikuwa macho, anatazama anga.

Jumamosi, 9 Aprili

Nimekaa kwenye ngazi, katikati, si juu kwake wala si chini kazini. Niandike hapa hapa kabla sijajidanganya.

Leo Mwalimu Mabano alipita kila meza kujaribu programu zetu. Alipofika kwangu nilimwachia kiti. Nilikuwa na fahari, sifichi. Nilikuwa nimeweka swali jepesi tu, UMESHIBA?, ili asiulize mengi. Hakuandika H wala N. Alibonyeza Enta peke yake, kavu.

NDIYO.

"Umeona?" akasema.

"Nimeona nini?"

"Mimi sijajibu, dada yangu. Nimekupa mstari mtupu. Wewe umeandika nimeshiba." Akaligeukia darasa. "Jamani, njooni muone. Mtu wa kwanza wa kumpa programu yako ni yule asiyejibu. Hapa amesema: kama ni H, hapana, vinginevyo, ndiyo. Sasa kwenye hiyo 'vinginevyo' kuna nani? Kuna N, kuna Z, kuna paka akipita juu ya kibodi, kuna mtu aliyelala. Wote wameshiba."

Walicheka. Yule kijana wa nyuma akasema, "Hata mimi nataka kuwa mteja wako, nashiba bila kula."

"Na kama mtu hana jibu?" nikauliza. Sauti yangu niliisikia kwa mbali.

"Basi programu iseme hajajibu, iulize tena. Mistari mitatu tu. Na mabano."

Sikuwangoja wafunge darasa. Mvua ilinipiga njia nzima na sikuufungua mwavuli. Nilipofika nilikaa na nguo hizo hizo nikaongeza mstari mmoja: chochote atakachoingiza, kionyeshwe kwanza jinsi kilivyo, katikati ya alama mbili. Nikapanda.

BABA, WEWE NI SAMAKI?

Kidole kikainuka, kikaelea, kikashuka. Safari hii nilikitazama. Kilishuka juu ya Enta, ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeisogeza mpaka chini ya kiganja chake.

Katikati ya zile alama mbili hapakuwa na kitu. Chini yake, kwa herufi kubwa: NDIYO.

UNAUMWA? Hakuna kitu. NDIYO. UNA BARIDI? Hakuna kitu. NDIYO. Nikaacha kuandika, kwa sababu swali lililokuwa linafuata nililijua, na sikutaka kuliona likipita tupu mbele yangu kwa mara ya pili.

Baba alinitazama kwa upole ule ule. Alikuwa amefanya kama kawaida: amebonyeza, nami ningetabasamu, ningesema "haya, Baba", ningeondoka. Hilo ndilo aliloelewa kuhusu mashine hii. Ni kitufe cha kumfanya binti afurahi.

Niliona hasira. Kwanza kwake, halafu kwa Mwalimu, halafu nikakosa mwingine. Majuma yote haya nimekuwa nikijiuliza na kujijibu, yeye akinigongea mhuri. Hakusema anataka kubaki. Hakusema alijuta. Sijui kama alijuta. Sijui kama alijua.

Na Kaka hajui habari za vinginevyo. Nikinyamaza, atakuja, ataona kwa macho yake mzee anabonyeza na mashine inaandika NDIYO kubwa, na atarudi kwake na gari tupu. Hata kusema uongo sitahitaji.

Jumatatu, 11 Aprili

Mvua. Sijapiga simu.

Alhamisi, 14 Aprili

Mvua nyembamba. Sijapiga simu. Silikoni ameniuliza mara mbili kwa nini simwulizi mzee maswali. Nikamwambia kebo imeharibika. Kwa mara ya kwanza hakujitolea kuziba.

Jumapili, 17 Aprili

Nimeirekebisha. Sasa haiendi popote mpaka ipate H au N. Ikipewa mstari mtupu inaandika: BADO SIJAPATA JIBU. Kisha inasubiri upya. Nimeirudisha kibodi kulia, Enta ikawa mbali na kiganja. Atalazimika kuitafuta.

Sikuuliza lile. Niliuliza dogo kuliko yote: NIKUWASHIE REDIO?

Akaifikia Enta kwa tabu. BADO SIJAPATA JIBU. Akakunja uso. Akabonyeza tena. BADO SIJAPATA JIBU. Akanitazama, nami kwa mara ya kwanza sikutabasamu wala sikusema haya. Nilikaa tu kwenye kiti, mikono mapajani, kama kale kamstari. Sikujua kwamba kusubiri kunauma mgongo.

Mara ya tatu, ya nne. Kisha upande wa kushoto wa mdomo ukavutika, na sauti ikatoka, kama kikohozi kilichobadilisha nia. Baba alikuwa anacheka. Alikuwa anaicheka ile mashine, au mimi. Kidole kikaondoka kwenye Enta, kikasafiri kwenye kibodi kikitetemeka, kikapita kijani bila kusimama, kikabonyeza nyekundu, kisha kikarudi Enta.

HAPANA.

Redio nimemwashia tangu mwaka jana. Kila asubuhi, kila alasiri, nikijivunia kwamba simwachi mpweke.

Nikaizima. Chumba kikajaa kitu ambacho sikukijua mara moja. Ilikuwa mvua, mvua yenyewe, inaongea na bati, na majani, na ndoo iliyosahauliwa nje. Baba akafumba macho kuisikiliza. Nikafumba na mimi. Tulikaa hivyo mpaka mwanga ukageuka rangi.

Nikashuka nikampigia Kaka.

"Lile jibu la Baba halikuwa jibu," nikamwambia. "Programu yangu ilikuwa na kosa. Ilikuwa inaandika ndiyo hata asipoandika kitu."

Kaka akadaka: "Kwa hiyo hakusema."

"Hakusema."

"Na unaniambia wewe mwenyewe."

"Sasa nani mwingine akuambie, mashine?"

Nikamsikia anavuta pumzi, na ndani yake mlikuwa na kitu karibu na kicheko. "Haya, mdogo wangu. Usimwulize tena mpaka nije. Tutamwuliza wote wawili."

"Sitamwuliza," nikasema. Na kweli naogopa kumwuliza. Sasa anaweza kujibu.

Jumamosi, 23 Aprili

Mwalimu Mabano alinivuta kando. "Wiki ile uliondoka umelowa uso, na mvua ilikuwa bado haijakupata. Nilikukosea?"

Nikamweleza habari za Baba. Hakusema pole. Alifikiri. "Mbona unampa herufi mbili tu?" akauliza. "Kibodi ina zote. Ondoa hiyo kama, iache ipokee chochote atakachoandika."

"Na akiandika upuuzi?"

"Kila mtu huanza kwa upuuzi. Wewe ulianza na kukubata."

Jumatatu, 25 Aprili

mmmkkk

Jumatano, 27 Aprili

mmaaaj

Ijumaa, 29 Aprili

maji

Nilimpa. Akanywa, akakitazama kikombe kitupu kama mtu anayeangalia kazi yake. Nami nilijizuia nisimwulize jingine. Neno moja linachukua muda wa kuchemsha sufuria mbili za maji, na jasho linamtoka.

Jumanne, 3 Mei

Mvua imechoka. Inaanza, inasahau, inaanza tena. Ile programu ya kukata vioo nimeimaliza na inafanya kazi. Niliidhania ndiyo ingekuwa habari kubwa ya msimu.

Jumamosi, 7 Mei

Jua. Barabara inatoa mvuke. Kaka kasema kesho.

Jumapili, 8 Mei

Alikuja asubuhi na gari lenye godoro jipya nyuma, bado limo kwenye nailoni. Amenenepa, nywele zimepungua. Nilikuwa nimejiandaa kwa yule mtu wa kwenye simu, aliyeingia ni mwingine. Alimwamkia Baba akiwa amepiga magoti. Akaona kucha za mkono uliokufa zimekuwa ndefu, akatoa kikatio mfukoni, akaanza kuzikata moja moja, akivipokea vipande kwenye kiganja. Mimi nilizisahau kwa sababu mkono ule hauombi.

"Lazima ulifurahi," nikamwambia, sikujua ningesema. "Wakati ule. Kusomeshwa."

Hakuinua kichwa. "Nilitaka kuwa fundi seremala," akasema. "Mzee hakuniuliza. Aliniambia tu, wewe utasoma. Nilikuwa nikipita karakanani kwako nasikia wivu, nakwenda zangu."

Miaka yote hii nimekuwa nikihesabu alichopewa. Sikuwahi kuhesabu kama alikitaka.

Baba alikuwa anatusikiliza. Niliweka sinia, nikaweka kibodi. Kaka akakaa kushoto kwake, mimi kulia. Nikaandika swali tulilokubaliana, lisilo na wangu wala wako:

BABA, UNATAKA KUKAA WAPI?

Kamstari kakapepesa. Jua liliingia kwa dirisha likakaa juu ya shuka. Kidole kikaenda, kikasimama, kikarudi.

m

"Mimi," Kaka akanong'ona. "Mwanangu. Anaandika mwanangu."

"Nyamaza, usimsaidie."

ml

Silikoni alipanda kuuliza habari ya mteja, akatuona, akakaa kwenye kizingiti bila kuuliza.

mlan. Kaka alikuwa anauma kidole. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa kitanda. mlango. Kisha kidole kikapumzika tukadhani basi, Kaka akafungua mdomo, kidole kikainuka tena.

mlangoni

Akatafuta Enta, akaipata.

"Mlangoni," Kaka akasoma. Akanitazama. "Kwangu upo mlango mzuri, na baraza mbele. Atakaa hapo asubuhi yote."

"Hata kwangu upo. Tena wa kioo, mikunjo miwili, na barabara yote iko mbele yake."

"Mlango wenye malori yanayopita."

"Wenye watu wanaopita. Kwako kunapita nini, kuku?"

"Nyie," Silikoni akasema.

Tulikuwa tumeinuka wote wawili, kila mmoja na mlango wake. Baba alikuwa anatutazama mmoja kisha mwingine, na jasho lilikuwa limemfika kidevuni. Nikaona aibu, nikakaa. Nikaandika:

MLANGO WA NANI, BABA?

Hapo ndipo nilipoomba, sifichi. Niliomba herufi ya jina langu. Kaka naye midomo yake ilikuwa inacheza.

wa leo

Tukasoma. Tukasoma tena. Si wangu, si wake.

"Wa leo," Kaka akasema taratibu, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine.

Nami nikaelewa. Mimi ninayepima kila kitu kwa milimita, niliyempimia dirisha, sinia, mto, sikupima zile ngazi hata siku moja. Tangu alipopandishwa na watu wa gari la wagonjwa hajashuka. Msimu mzima nimekuwa nikimwuliza atakaa kwa nani, na yeye alikuwa amelala anatazama anga la milimita sita, akisikia chini yake almasi zinakwaruza, wateja wanabishana, watu wanasalimiana. Alitaka kushuka. Hakujali sana kushuka kwa nani.

"Anataka kutoka nje," nikasema. "Sasa hivi."

Kaka alikwishavua saa. "Kiti kiko wapi?"

Tulimfunga kwenye kiti cha mikono kwa kitambaa cha kufungia vioo vikubwa. Silikoni akatangulia chini, Kaka akashika juu, mimi ubavuni nikisema "polepole, kona, polepole" kama ninavyosema tunapobeba pande zima. Kwenye kona ya ngazi Kaka aliteleza nusu hatua, Baba akatoa ile sauti yake ya kikohozi. Alikuwa anacheka tena.

Tukamweka mlangoni. Nikasogeza vioo vyote visimpige mwanga machoni. Jua lilimpanda miguuni, halafu magotini. Mwanamke mmoja akapita na ndoo, akasema, "Shikamoo, mzee." Baba akainua kidole.

Kaka alikaa naye kwenye kigoda mpaka jua likahama. Godoro alilishusha, akaliacha. Tumekubaliana stoo ya chini iwe chumba cha Baba, na kila Baba akitaka mlango mwingine atasema, na aliye karibu atabeba. Kaka alipoondoka aliniuliza kama nimeumia.

"Kidogo," nikasema. Nilisubiri msimu mzima nisikie anataka kukaa kwa binti yake. Sikuyasikia hayo maneno, na sidhani kama yatakuja.

"Na mimi kidogo," akasema, akapanda gari.

Jumanne, 10 Mei

Jua kali. Kazi nyingi, upepo wa mwisho wa masika umevunja madirisha ya watu. Stoo imebaki rafu mbili tu za kuondoa. Mchana Kaka alipiga simu, akasema, "Mpe mzee." Nikamwegeshea Baba simu sikioni pale mlangoni, nikaishikiza kwa kitambaa, nikarudi mezani kwangu. Sikusikiliza. Walikaa hivyo muda mrefu, mmoja anaongea, mwingine anatazama barabara.